Jinsi ya kupanga safari ya meli ndogo kwenda maeneo ya mbali, mwezi wowote wa mwaka

Maswali huwa ni yale yale. Antaktika niende mwezi gani? Meli ya abiria 400 bado inahesabika ndogo? Nitatapika njia nzima? Ndege ya kurudi niikate ya saa ngapi? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu wazo linapokujia hadi siku unapopanda ngazi ya meli.

Mpangilio huo usiuruke. Wengi huanza na bei: wanaona punguzo, wanalipa, ndipo wanauliza wataona nini huko. Anza na unachotaka kuona. Hicho ndicho kitakachokuchagulia mwezi, mwezi utakuchagulia njia, na njia itakuchagulia meli. Bei ilinganishwe mwishoni, kati ya safari zinazofanana kweli.

Meli tunazozungumzia ni zile za abiria kuanzia 12 hadi 200 hivi, zinazokwenda mahali pasipo na gati. Meli hutia nanga mbali na ufuko na abiria hushushwa kwa boti za mpira, ambazo karibu kila mtu melini huziita Zodiac.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Pasipoti itakayobaki hai angalau miezi 6 baada ya siku ya kumaliza safari, yenye kurasa tupu.
- Muda wa maandalizi wa miezi 12 hadi 18. Kabini za bei nafuu na kabini za mtu mmoja ndizo huisha kwanza.
- Likizo ndefu kuliko safari yenyewe: ongeza siku 2 mbele na siku 1 nyuma, mbali na siku za ndege.
- Bajeti isiyoishia kwenye bei ya kabini. Ongeza ndege, hoteli, bima, viza, vifaa, na bahashishi ya wafanyakazi, ambayo mara nyingi ni dola 15 hadi 20 za Marekani kwa mtu kwa siku.
- Orodha ya dawa unazotumia na daktari wa kukujazia fomu ya afya. Safari nyingi za ncha za dunia hazikuruhusu kupanda bila fomu hiyo.

Hatua ya 1: Andika kitu kimoja unachotaka kuona kuliko vyote

Kimoja tu. Vifaranga vya pengwini, dubu weupe, kobe wakubwa, matumbawe, mianga ya anga ya kaskazini, maporomoko ya maji. Ukiandika vitano utaishia kwenye safari inayokupa nusu ya kila kimoja.

Tahadhari: hakikisha kitu hicho kipo kweli huko uendako. Antaktika hakuna dubu, na Aktiki hakuna pengwini. Kwenye Rasi ya Antaktika utaona pengwini aina ya gentoo, chinstrap na Adélie. Wale emperor, ambao ndio watu wengi huwa nao kichwani, huonekana huko kwa nadra sana. Kadhalika, usiende Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo Aktiki, mwezi Julai kutafuta mianga ya anga. Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivyo, jua halizami kabisa kuanzia takriban tarehe 20 Aprili hadi wiki ya tatu au ya nne ya Agosti, na mianga inahitaji giza.

Hatua ya 2: Tafuta mwezi

Hapa ndipo uchukue muda wako wote, kwa sababu eneo moja hubadilika kabisa ndani ya wiki sita.

*Novemba hadi Machi: Antaktika.* Novemba theluji bado ni safi, pengwini wanajenga viota, na barafu ya bahari inaweza kuzuia meli isifike kusini sana. Mwishoni mwa Desemba na Januari vifaranga huanguliwa, na mchana ni mrefu kupita kiasi. Februari na Machi barafu imefunguka, meli hufika mbali zaidi kusini, na nyangumi ni wengi, hasa wa nundu. Lakini fuko za pengwini zimejaa matope na kinyesi, na theluji ya chini imechafuka. Anayetaka picha za weupe mtupu aende mapema. Anayetaka nyangumi asubiri.

South Georgia, kisiwa cha kusini mwa Atlantiki ambacho baadhi ya safari za Antaktika hupitia, ihesabu peke yake. Pengwini king huchukua zaidi ya mwaka kulea kifaranga kimoja, kwa hiyo fuko zake za Salisbury Plain na St Andrews Bay huwa na vifaranga msimu wote. Ila Oktoba na Novemba sili tembo madume hupigania ufuko, na sehemu nyingine za kushukia hufungwa kwa sababu hakuna pa kukanyaga.

*Mei hadi Septemba: Aktiki.* Svalbard ya Mei na Juni ina theluji na barafu karibu, lakini meli huenda isiweze kuzunguka visiwa vyote. Ukitaka kuzunguka, lenga mwishoni mwa Julai na Agosti. Scoresby Sund, mashariki mwa Greenland, hufunguka kiangazi kikielekea ukingoni. Mwishoni mwa Agosti na Septemba utapata milima ya barafu mchana na mianga ya anga usiku, safari moja. Njia ya Kaskazini-Magharibi juu ya Kanada ni ya Agosti na Septemba, na hata hapo barafu ina neno la mwisho. Alaska ni Mei hadi Septemba.

*Aprili hadi Oktoba: Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia.* Nje ya miezi hiyo ni msimu wa vimbunga. Anayetaka maporomoko aende Aprili au Mei, maji ya mvua yakiwa bado yanashuka; kufikia Agosti mengi yamebaki michirizi. Hapa tazama na mwezi wa angani. Maji hupwa na kujaa kwa tofauti inayofika mita 11, na siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, ndipo Montgomery Reef inapoonekana kama inainuka baharini huku maji yakimwagika pande zote. Safari mbili za meli moja zikipishana wiki moja, moja inaweza kuangukia bamvua na nyingine maji mafu. Linganisha tarehe na jedwali la maji kabla ya kulipa.

*Mwaka mzima: Galápagos, visiwa vya Ekuado.* Desemba hadi Mei maji ni ya joto na bahari tulivu. Juni hadi Novemba mkondo baridi unaleta chakula kingi baharini, ndege na sili huchangamka, lakini mawimbi ni makubwa zaidi na kuogelea kunahitaji vazi la kuzuia baridi. Albatrosi wa kisiwa cha Española wapo takriban Aprili hadi Desemba. Ukienda Februari hutawaona. Jambo jingine: hifadhi haimruhusu meli kurudia kituo kile kile ndani ya siku 14, ndiyo maana hakuna meli inayoonyesha visiwa vyote kwa wiki moja. Soma orodha ya visiwa. Jina la safari halikuambii kitu.

*Kati ya kaskazi na kusi: Aldabra.* Visiwa hivi vya Shelisheli viko zaidi ya kilomita 1,000 kusini-magharibi mwa Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, na ni makazi ya kobe wakubwa zaidi ya 100,000. Hakuna bandari. Kusi ikivuma, kushuka kwa boti ni kubahatisha. Lenga tangambili: Machi na Aprili, au Novemba.

Indonesia ni rahisi kukumbuka: Raja Ampat Oktoba hadi Aprili, Komodo Aprili hadi Novemba. Amazoni ya Peru, kutoka Iquitos, huendeka mwaka mzima. Maji yakijaa, takriban Desemba hadi Mei, boti huingia ndani ya msitu, na yakipungua unatembea kwa miguu kwenye njia zilizokauka.

*Miezi ya kuhama.* Machi na Aprili meli za Antaktika hupanda kaskazini, na Septemba na Oktoba hushuka tena. Safari hizi ni ndefu na siku za bahari tupu ni nyingi, lakini kwa hesabu ya siku bei huwa nafuu, na ndizo zinazopita mahali kama Tristan da Cunha, kisiwa kisicho na uwanja wa ndege. Zinamfaa mtu mwenye wiki nyingi na asiyechoshwa na bahari. Mgeni wa meli asianze na hizi.

Hatua ya 3: Chagua meli kwa idadi ya abiria

Antaktika, sheria ni mbili za kukariri: meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu yeyote, na abiria walio nchi kavu mahali pamoja hawazidi 100 kwa wakati mmoja. Piga hesabu. Meli ya abiria 95 inashusha wote pamoja. Meli ya 190 inashusha kwa zamu mbili: kituo cha saa 3 kinakuwa saa 1 na nusu kwako, na zamu nyingine unazungushwa kwa boti. Meli ya 400 ni zamu nne. Kwa hiyo jibu la lile swali ni kwamba 400 si ndogo, hata tangazo likisema hivyo.

Svalbard, tangu tarehe 1 Januari 2025, meli zenye abiria zaidi ya 200 haziingii kwenye maeneo yaliyohifadhiwa, na ndani ya maeneo hayo kushuka kunaruhusiwa katika vituo 43 tu. Galápagos mwisho ni abiria 100, na kila mwongozaji hachukui zaidi ya 16.

Meli ndogo sana nayo ina gharama yake: huenda mrama zaidi bahari ikichafuka. Kwa kuvuka Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, meli ya abiria 100 hadi 190 yenye mapezi ya kuituliza ndiyo chaguo la busara kwa mgeni. Kwa Galápagos au Raja Ampat, 16 hadi 40 ni raha tupu.

Mwandikie mwenye meli maswali haya na usilipe bila majibu ya maandishi:

1. Abiria wangapi watakuwa kwenye safari hii hasa, si uwezo wa meli?
2. Waongozaji wangapi? Mmoja kwa abiria 10 hadi 12 ni vizuri. Mmoja kwa 20 ni haba kwa maeneo ya ncha.
3. Boti za mpira ngapi? Boti moja hubeba abiria kama 10. Abiria wote wakiweza kuwa majini kwa pamoja, hakuna kusubiri.
4. Meli ina daraja gani la kuhimili barafu?
5. Kampuni ni mwanachama wa IAATO kwa Antaktika, au AECO kwa Aktiki (vyama vya waendesha safari za huko)?
6. Kayaki, kulala kwenye theluji na kupiga mbizi viko ndani ya bei, au hulipiwa na nafasi hugombaniwa?

Hatua ya 4: Hesabu siku za kushuka, si siku za safari

Safari ya "siku 11 Antaktika" kwa kawaida iko hivi: siku 1 ya kupanda Ushuaia, kusini mwa Argentina, jioni, siku 2 za kuvuka Drake, siku 5 kwenye Rasi, siku 2 za kurudi, na siku 1 ya kushuka asubuhi. Unalipia 11, unatembea 5. Si udanganyifu, jiografia ndiyo ilivyo. Ila gawa bei kwa siku za kushuka ndipo ulinganishe kampuni.

Kuna safari za kuruka kwa ndege kutoka Punta Arenas, Chile, hadi King George Island, kisiwa kilicho karibu na Rasi, kiasi cha saa 2, ukaukwepa Drake. Zinamfaa mwenye siku chache au anayeogopa bahari. Kasoro yake ni ukungu: ndege inaweza kuchelewa siku nzima au zaidi, na siku hiyo hukatwa kwenye safari yako.

Hatua ya 5: Chagua kabini

Chini na katikati ya meli ndiko mtikisiko ni mdogo. Kabini za juu zenye roshani hupendeza kwenye picha na huyumba kuliko zote. Za mbele kabisa husikia kila wimbi na mnyororo wa nanga alfajiri. Dirisha la duara sitaha ya chini linatosha, kwa sababu mchana utakuwa nje. Uliza pia kama dirisha hufungwa kwa chuma bahari ikichafuka. Kwenye sitaha za chini ni kawaida.

Unasafiri peke yako? Kabini nzima hukugharimu mara 1.5 hadi 2 ya bei ya mtu. Omba kuchangia na mwenzako wa jinsia yako, na uliza: wasipopatikana wa kuchangia, nitadaiwa nyongeza? Kampuni nyingi nzuri hazidai.

Hatua ya 6: Lipa, na ukate bima siku hiyo hiyo

Malipo ya kwanza huwa asilimia 20 hadi 30, na salio hudaiwa siku 90 hadi 120 kabla ya kuondoka. Ukijitoa baada ya hapo, tarajia kupoteza karibu zote.

Bima ya kawaida ya utalii haitoshi. Lazima itaje kuhamishwa kwa dharura kutoka eneo husika kwa jina, na kwa Antaktika kampuni kadhaa hudai kiwango cha dola 200,000 au zaidi. Melini kuna daktari na dawa, lakini hakuna hospitali. Mguu ukivunjika, nahodha hugeuza meli au husubiri ndege ipate hewa nzuri. Tafuta pia kifungu cha kuahirishwa kwa safari, na usome wanachosema kuhusu magonjwa uliyo nayo tayari. Kukata bima wiki chache baada ya malipo ya kwanza kunaweza kukunyima kinga ya magonjwa hayo.

Hatua ya 7: Ndege na viza

- Fika mji wa bandari siku 2 kabla. Meli haimsubiri mtu mmoja wala begi moja.
- Siku ya kurudi, usikate ndege inayoondoka kabla ya adhuhuri. Ya jioni ni salama zaidi.
- Buenos Aires ina viwanja viwili. Ndege za kimataifa nyingi hutua Ezeiza. Za Ushuaia mara nyingi huondoka Aeroparque, upande wa pili wa jiji. Acha angalau saa 5 kati yao, au lala hapo.
- Svalbard iko nje ya eneo la Schengen. Kama uraia wako unahitaji viza, utatoka Schengen kisha urudi, kwa hiyo omba ya kuingia mara mbili au zaidi. Greenland ni kosa la kawaida zaidi: viza ya Schengen haiifuniki mpaka iandikwe kwamba inafaa Greenland.
- Ukianzia na kumalizia Argentina, viza yako nayo iruhusu kurudi. Na usidhani inatosha kwa visiwa vya Falklands, vilivyo chini ya Uingereza, ambako utaratibu ni mwingine.
- Galápagos: tangu Agosti 2024 mgeni mtu mzima kutoka nje hulipa dola 200 za kuingia hifadhini, pamoja na dola 20 za kadi ya udhibiti wa safari. Beba noti taslimu.

Hatua ya 8: Andaa mwili

Ujuzi unaohitajika zaidi ni kupanda na kushuka ngazi inayotikisika, kisha kuingia kwenye boti inayopanda na kushuka. Miezi mitatu kabla, panda ngazi kila siku na ufanye mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja.

Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla meli haijatoka mlangoni mwa bahari; ukishaanza kutapika umechelewa. Kiraka cha scopolamine hubandikwa nyuma ya sikio saa kadhaa kabla na hufanya kazi siku 3. Zungumza na daktari kwanza, hasa kama una shinikizo la jicho au tatizo la kibofu, na ujaribu dawa yoyote ukiwa nyumbani. Osha mikono ukishashika kiraka: kidole kikigusa jicho, mboni hutanuka na unaona ukungu.

Hatua ya 9: Funga mzigo

Kwa maeneo ya baridi: nguo za ndani za sufu seti 2, sweta la flisi, suruali ya nje isiyopenya maji kabisa, glovu jozi 2 (nyembamba ndani, nene juu), kofia, shali ya bomba, miwani ya jua. Pamba iache; ikilowa haikaushi wala haikupi joto. Uliza kwanza kama meli inatoa jaketi na kuazima mabuti, kwa maana hivyo viwili ndivyo vizito. Suruali ya nje ipitishwe juu ya mabuti, si ndani yake. Ukiichomeka ndani, wimbi la kwanza ufukoni litajaza buti.

Betri za kamera ziwe 3, zilale mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi huzimaliza. Droni iache nyumbani: Antaktika abiria haruhusiwi kuirusha.

Hatua ya 10: Siku za kwanza melini

Utaletewa kifyonza vumbi na brashi. Safisha kila mfuko, kila mshono, kila kifungo cha kunata, kwa sababu mbegu moja ya nyasi inaweza kuota kisiwa kizima. Chukua pini utoe uchafu kwenye nyayo za buti na miguu ya kamera. South Georgia hukaguliwa kabla ya kushuka, na meli ikifeli abiria wanaweza kuzuiwa.

Ukiingia botini, mikono yako iwe tupu. Shikana na baharia kifundo cha mkono kwa kifundo cha mkono, si kiganja kwa kiganja, kanyaga ukingo wa boti, kisha sakafu, kisha kaa papo hapo. Wengi huanguka kwa sababu wamesimama kupiga picha.

Ufukoni kaa angalau mita 5 kutoka kwa pengwini. Wakikusogelea wao, simama tuli. Tangu mafua ya ndege yafike kusini, hairuhusiwi kukaa, kupiga magoti wala kuweka begi chini. Svalbard umbali wa dubu ni mita 300, na mita 500 kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Juni.

Mambo yakienda kombo

*Kushuka kumefutwa.* Upepo, mawimbi au barafu. Hakuna cha kulalamikia. Kiongozi wa msafara huwa na mpango wa pili na wa tatu. Usijifunge na jina la kituo kimoja.

*Begi halijafika.* Ndiyo sababu ya zile siku 2. Dawa, nguo za ndani za sufu, glovu na kamera ziwe kwenye begi la mkononi.

*Umetapika licha ya dawa.* Nenda sitaha ya chini katikati, lala chali, kunywa maji kidogo kidogo, kula biskuti kavu. Usisome wala kutazama simu. Ikipita saa 12 hujaweza kuhifadhi maji tumboni, mwite daktari, kuna sindano.

*Kamera imejaa ukungu.* Umeiingiza kwenye joto ghafla. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uiache ndani ya mfuko saa 1 au 2. Kadi ya picha itoe kabla hujafunga.

*Safari uliyotaka imejaa.* Jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri, kisha ulizia wiki ile ambayo abiria hutakiwa kumaliza salio, siku 90 hadi 120 kabla. Hapo ndipo kabini huachiwa.

*Kampuni imefuta safari.* Kabla hujakubali vocha, soma mkataba kama unakupa haki ya kurudishiwa fedha. Ndege ulizojikatia mwenyewe hawazilipi. Hizo ni za bima, na bima itadai barua ya kufutwa safari yenye tarehe. Iombe siku hiyo hiyo.